Thora Skeie, Nahodha wa Teisten: Mwaka wa Kwanza Bila Wewe

Mwaka umetimia, Thora wetu mpendwa, tangu saratani ilipokuchukua asubuhi ya mvua hapa Petersburg, Alaska. Umetuendea polepole mwaka huu.

Tunakukumbuka kwenye usukani wa Teisten, kimeli chako cha kutembezea wageni wachache waliokuja kutazama wanyama, kofia ya sufu umeivuta mpaka kwenye nyusi. Hukuwa mtu wa kuonyesha kwa kidole. Ulizima injini, ukanyamaza, na wageni wakamsikia wenyewe nyangumi akipumua ndani ya ukungu. Mgeni akilalamikia baridi, ulimvika koti lako, kisha ukamtania: "Haya, sasa zamu yangu kulalamika."

Zaidi tunaikumbuka safari yako ya mwisho. Daktari alikuambia ukae nyumbani; wewe ukapanda meli kama abiria, ukajifunika blanketi sitahani, na usukani ukamwachia binti yako Marit. Cheti cha unahodha alikuwa nacho, lakini hakuwahi kuongoza bila wewe kumwambia geuka, punguza, simama. Sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kuzungumza na mtu wa kuinunua meli.

Kwenye mdomo wa kijito tulimkuta dubu jike na watoto wake wakila samoni. Wageni wote wakakimbilia upande mmoja na kamera zao.

"Sogea, binti! Kidogo tu!" mzee mmoja akapaza sauti. "Nimetoka mbali mimi!"

Dubu akaacha kula, akainua kichwa. Marit akakugeukia.

"Mama, nifanyeje?"

Ukafumba macho, ukakoroma. Wewe, ambaye hukuwahi kusinzia melini maisha yako yote!

Marit akawageukia wageni. "Mniwie radhi, wageni wangu. Tumemkatiza mama wa watu chakula chake. Tunarudi nyuma."

Wakanung'unika. Akairudisha meli taratibu hadi mbali, akazima injini. Baada ya kitambo dubu akainamia maji tena, na watoto wake wakaanza kugombania kichwa cha samaki, wakianguka na kuinuka, hata yule mzee akacheka mpaka akasahau kupiga picha.

"Umeona, Mama?" Marit akanong'ona.

"Nimeona tangu mwanzo," ukajibu, jicho moja wazi. "Nahodha ni wewe. Huyo mnunuzi mwambieni akatafute meli nyingine."

Tulimwambia. Msimu huu wote Teisten imetoka, na Marit hamgeukii mtu. Kunyamaza amekurithi, utani ni wake mwenyewe.

Unakumbukwa na mumeo Arvid, ambaye bado anatapika mawimbi yakizidi lakini mwaka huu amekubali kuwa mpishi wa meli. Binti yako Marit. Mwanao Leif na mkewe Jorunn. Dada yako Borghild. Na mjukuu wako, Thora mdogo, ambaye hukujaliwa kumwona, na ambaye akilia, shakwe wa bandarini wanamwitikia.

Maadamu tunapumua, hatutakusahau.