Sisi wa Meza ya Nyuma

4 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba, maana najua umeniamkia moyoni. Hujambo? Na hizo mashine za kufulia mashuka ya hoteli, bado zinakupigia kelele, au umezizoea kama marehemu mama yako alivyozizoea za kufumia kule kiwandani? Mimi mzima. Goti la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi ya wawili. Miwani uliyonitumia ni kiboko: sasa naona hata madoa ambayo nilikuwa nayavaa kwa amani. Asante sana, mwanangu.

Sasa shikilia kiti. Baba yako ni mcheza filamu.

Walikuja watu na magari yao, wakakodi ukumbi wa harusi ulio nyuma ya kinyozi. Filamu ni ya mapenzi, ya kuchekesha, na wapenzi humo wamejaa kama siafu. Bwana harusi anampenda mpishi, mpishi anampenda mpiga picha, mpiga picha anamwogopa mama mkwe, na mama mkwe macho yote kwa muuza maua. Mwongozaji, kijana wa kofia, kabandika ukutani karatasi ya mishale ili asisahau nani anamtaka nani. Walitaka wazee wa kujaza meza. Nikajitokeza. Na jirani yetu fundi cherehani, rafiki wa marehemu mama yako unayemwita mama mdogo, akajitokeza pia, maana gauni analo na pa kulivaa hana.

Kazi yenyewe ni kukaa meza ya nyuma, karibu na keki, na kupiga soga bila sauti, ili wakubwa wa mbele wasikike. Mdomo ucheze, koo linyamaze. Wenzetu wakawa wanaachama kama samaki. Sisi tulicheka! Kiwandani, mashine zikinguruma, tulikuwa tunazungumzaje kama si kwa midomo? Kijana wa kofia akasema, "Wazee wangu, mna kipaji." Kipaji gani! Mama yako na rafiki yake huyu walisimama mashine jirani, wakinisengenya mbele ya uso wangu bila sauti, nami nimelala chini napaka grisi. Nilijifunza kusoma midomo ili nijitetee.

Filamu inatoka Agosti. Mtaa mzima hatulali.

Barua hii mama yako mdogo ndiye anayeipiga picha kwa simu yake ili ikufikie, kwa hiyo naandika: gauni lilimkaa vizuri sana.

Baba yako,
Grisi


19 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo mama mdogo, najua unasoma. Mimi sijambo, mgongo tu unanikumbusha kwamba mashuka ya matajiri ni mazito kama ya maskini.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa zamu akadhani nimepata mchumba. Yeye nimemfundisha midomo ya mama, maana hapa mashine zikianza husikii hata jina lako. Sasa anajua kuniuliza "umekula?" kutoka upande wa pili wa chumba. Mama angefurahi.

Asante kwa habari zako. Siku nyingine nakaa na kuchoka kwangu, barua yako ikija nainuka. Lakini umeniambia yote isipokuwa moja. Mlikaa meza moja kutwa nzima mkizungumza bila sauti. Mlizungumza nini?

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tulizungumza habari za hali ya hewa.

Huku kila mtu anaisubiri filamu kama mshahara. Kinyozi anadai kiti chake kinaonekana dirishani, kwa hiyo anataka aitwe msanii. Muuza mkaa anasema shingo yake imo, ya upande wa kushoto. Wanawake wa kiwandani, wale wastaafu wote, wameshajipanga watakaa safu moja katika jumba la sinema, wakiwa na vitambaa vya kufutia machozi na midomo ya kuchafulia majina ya watu. Mimi nimeanza kutembea polepole kwa makusudi, mashabiki wapate nafasi.

Jana niliiambia picha ya mama yako pale ukutani: hukunipa hata siku moja ya kuchoka nawe. Nilimwambia asante. Kakaa kimya, kama kawaida yake akishinda ubishi.

Baba yako


20 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima.

Kionjo cha filamu kimetoka. Kimenifikia kwenye simu wakati wa mapumziko, nikakitazama hapa kati ya mapipa ya sabuni. Bwana harusi anajikwaa, mpishi anaangusha sinia, watu wanacheka. Na nyuma yao, karibu na keki, yupo baba yangu kavaa ile suti ya harusi yangu iliyovunjika, anaongea.

Baba, mimi ni mtoto wa mama. Nilijua kusoma midomo kabla ya kusoma vitabu. Unasema hivi: "Nimechoka kula peke yangu. Nikubali tuzeeke pamoja, kilichobaki ni kidogo."

Hiyo ndiyo hali ya hewa?

Mama mdogo ametupa mgongo sisi watazamaji. Jibu lake halionekani.

Kengele imelia. Nitaandika nikijua la kuandika.

Binti yako


27 Juni

Mwanangu Sindano,

Barua hii kaipiga picha kinyozi, kwa hiyo leo hakuna sifa za gauni. Vipi afya? Mimi afya ninayo, amani ndiyo sina.

Nilisahau kwamba kamera ipo. Ndiyo, cheka. Tulikaa pale, tukazungumza kama zamani, siku ikaenda, na tulikuwa tumeambiwa tusitoe sauti. Basi nami nikaona neno lisilo na sauti mtu haulizwi. Kiwandani tulikuwa tunasema mazito hivyo hivyo, msimamizi amesimama katikati yetu hana habari. Nikasema. Sikujua kijana wa kofia ataweka uso wangu mbele ya dunia nzima.

Unataka jibu lake. Alisema, "Muulize kwanza binti wa rafiki yangu. Akikataa, tusiongee tena, tubaki majirani." Ndiyo maana tangu Machi nakuandikia habari za shingo ya muuza mkaa. Nimewahi kuingiza mkono kwenye mashine inayozunguka, lakini kukuuliza wewe nilishindwa.

Sasa nakuuliza. Ukikataa, nitabaki baba yako yule yule, mwenye goti moja na shukrani nyingi. Simpunguzi mama yako hata nukta. Nikipata mtu wa kukumbuka naye, si ndiyo nitamkumbuka vizuri zaidi?

Baba yako


18 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Najua kazi ni nyingi. Najua.

Nakuarifu tu kwamba msiba unakaribia. Wanawake wa kiwandani wameshanunua tiketi za siku ya kwanza. Safu nzima, mwanangu! Wote wanajua kusoma midomo kuliko karani anavyojua kusoma barua. Watu wengine humo ndani watakuwa wanamtazama mpishi na sinia lake. Wale watakuwa wananitazama mimi, na wakimaliza kucheka watageuka wamtazame yeye. Wenye simu ndogo hawajaona kionjo, lakini kwenye pazia lile kubwa la sinema mdomo wangu utakuwa na ukubwa wa mlango.

Mimi kuchekwa nimezoea. Yeye akikaa pale bila jibu lako, atakaa kama mtu aliyekutwa na kitu cha mwenzake. Tangu kionjo kitoke hapiti dirishani kwangu. Cherehani naisikia, yeye simwoni.

Kama ni hapana, niambie mapema nimshauri asiende. Gauni lake jipya keshalipinda upindo.

Baba yako


30 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Sikukasirika. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi hospitalini na mama.

Unakumbuka sauti yake ilipokwisha, madaktari wakampa kalamu akaikataa? Siku ile ulipotoka kwenda kutafuta maji ya moto, ukapotea kwenye ngazi kama kawaida yako, alinivuta karibu akaniambia kwa midomo: "Huyu mwanamume hawezi hata kuchemsha maji. Usiwaache wamwonee huruma. Mtafutie mtu wa kumgombeza." Nilicheka, naye akacheka. Nilidhani ananitania, nikayaweka maneno hayo pembeni na vichekesho vyake vingine. Kumbe alikuwa ananiachia kazi. Ilibidi nilie kwanza, baba, ndipo niweze kuandika.

Na mama mdogo ndiye aliyenisuka nywele siku ya mazishi, bila neno hata moja. Sijawahi kumshukuru sawasawa.

Ruhusa yangu ni Desemba, kwa hiyo sinema mtaingia bila mimi. Pamoja na barua hii nimekutumia video. Itazameni wote wawili. Msihangaike kutafuta sauti, haina.

Binti yako


3 Agosti

Mwanangu, mtoto wa mama yako,

Marahaba mara zisizohesabika. Ukiuliza afya, leo hata goti lililogoma limerudi kazini.

Niliipeleka video nyumbani kwake. Alikuwa anashona sare, hakuinua kichwa. Nikaiweka simu ya kinyozi juu ya kitambaa, palepale mbele ya sindano, ikabidi aitazame au aitoboe. Ukatokea wewe, na kile kifuniko cha nywele cha kazini. Ukasema kwa midomo, taratibu, kama mama yako alivyokuwa akisema na wageni: "Mama mdogo, asante kwa nywele zangu. Mchukue. Mgombeze vizuri. Ningojeni Desemba."

Akaitazama. Akaitazama tena. Mguu wake ulikuwa bado kwenye cherehani, nguo ya watu inakwenda upande. Mimi nikamwuliza kwa midomo, kama tulivyozoea, "Basi?"

Akazima cherehani. Chumba kikawa kimya kabisa. Akasema kwa sauti, mpaka kinyozi akasikia ng'ambo ya barabara: "Ndiyo, mzee wa grisi, ndiyo, na ufute miguu ukiingia!"

Ijumaa tunakwenda sinema. Hatukai nyuma. Tumechukua viti mbele ya ile safu ya wanawake wa kiwandani, wacheke visogoni mwetu mpaka washibe. Nasikia mpishi naye anampata mtu, sijui nani. Sasa hivi naweza kungoja.

Asante, mwanangu. Nimeandika maneno mengi maishani na mengi yalikuwa ya uchokozi. Hili moja halina uchokozi.

Baba yako,
Grisi

Mwanangu, picha ya barua hii nimepiga mimi. Yote aliyoandika ni kweli, ila amesahau kusema nani alilia kwanza. Sare ya watoto wa watu ililowa, nikaianika. Njoo na mgongo wako, nitaukanda.

Mama yako mdogo