Lori Lililogoma Mlima wa Kamukuywa

Jumanne, 4 Novemba
Foleni ya kupakia mahindi, hapa mjini Kwanza. Tangu asubuhi hatujasogea. Injini inanguruma chini ya kiti, naandika juu ya usukani. Madereva wengine wamezima, wamekaa pamoja kivulini. Sijaitwa. Mwanamke mwenye lori hawajui wamweke wapi.

Mimi sizimi. Ndivyo mume wangu Barasa alivyonifundisha, Mungu amlaze pema: dizeli haizimwi-zimwi, unaua stata. Aliendesha hivyo mpaka tukamzika, na mimi nimeendelea hivyo hivyo. Afadhali mngurumo. Nyumbani Bokoli hakuna hata wa kukohoa.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeshusha mahindi Bungoma, nikapakia mbolea ya kupeleka Kitale. Mlima wa Kamukuywa umenishinda. Gia ya kwanza, mguu umefika sakafuni, lori linatambaa tu. Taa ya njano ya dashibodi imewaka. Trekta la miwa likanipita. Trekta, jamani! Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ijumaa, 7 Novemba
Fundi wa Kitale kaziba bomba linalorudisha moshi ndani ya injini. Ati moshi huo ndio unaninyima nguvu. Kaweka kibati, kakaza, kaniambia niende. Nimeenda. Sasa taa ni mbili, na mwendo ni wa punda. Mjinga yeye, mjinga mimi niliyemwamini.

Jioni akapiga simu Wafula, mdogo wake marehemu. Lori ni la familia, anasema, na la kuvunda halina ubani. Alhamisi atapanda nami Kamukuywa na mzigo. Likishindwa, anamleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Watoto hatukujaliwa. Likienda hilo lori sina kitu cha Barasa.

Jumapili, 9 Novemba
Sikwenda kanisani. Niliwasha lori hapo uani, lingurume kidogo. Jirani akaja kugombana kwa sababu ya moshi. Nilifurahi kuona mtu. Nimefika huko.

Jumanne, 11 Novemba
Bungoma, kwa fundi Simiyu. Kwanza alitoa kile kibati akakitupa. Kisha akafungua chujio la moshi, limejaa masizi tele. Akanieleza. Chujio linanasa masizi, halafu linayachoma lenyewe injini ikiwa moto, kwenye safari ndefu yenye mzigo. Injini ikinguruma bure imesimama, moshi hauna joto la kutosha. Masizi yanajaa, moshi unakosa njia, nguvu zinaisha.

Nikamwomba alikate chujio, aliondoe kabisa, si kila mtu anakata? Akakataa. Kompyuta ya gari italitafuta na taa zitarudi, na huo moshi wote watavuta watu wa barabarani. Halafu akaniangalia.

“Mama, ukiwa foleni huwa unazima?”

Nikatikisa kichwa.

“Basi ni wewe unaliua.”

Nikamwambia marehemu hakuzima. Akauliza marehemu alijifunzia lori gani. Nikajibu, lile kuukuu la baba yake. Hilo, bana, halikuwa na chujio lolote. Nimemkasirikia Simiyu. Halafu nikamkasirikia Barasa, na sijawahi tangu azikwe.

Jumatano, 12 Novemba
Chujio limeoshwa, limepulizwa, limeanikwa juani likakauka. Limerudishwa. Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 13 Novemba
Limepanda! Mbolea imejaa mpaka juu, Wafula kando yangu, mikono magotini. Gia ya tatu Kamukuywa yote. Tulipofika juu akasema, “Shemeji, kaa nalo.” Akashuka Kiminini, akatafuta gari la kumrudisha. Nilitaka afike nami Kitale. Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Novemba
Niko mjini Kwanza tena. Foleni inafika barabarani. Nimezima.

Kimya kimeingia chote kwa pamoja. Nasikia watu wakishona magunia, nasikia kuku. Sikujua hapa kuna kuku. Nimelia bila kujificha.

Dereva wa lori la mbele akaja akauliza kama gari langu limekufa. Nikamwambia gari liko sawa, aliyekufa ni mume wangu. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Akasema pole. Akasimama hapo mlangoni, hakuondoka haraka.