Vifuko Nilivyomnyima Kiprono

Baba,

Misonobari ya Kiprono inakufa, na mimi ndiye niliyemsukumia wadudu. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu yeye bado hajui.

Siku uliyotugawia miti mbele ya wazee wawili, ya juu karibu na nyumba ulimpa yeye, mdogo wangu. Mimi ukanipa ile michache ya chini kando ya mto, ukaongeza, "hata kama ataolewa." Wazee wakakusifu. Lakini miaka yote hiyo yeye ndiye uliyemfundisha kugonga gome kwa mpini wa panga na kusikiliza kama mti ni mzima ndani. Ukimaliza unanigeukia: "Chebet, lete chai." Nilileta, Baba, kwa wivu.

Baada ya mazishi yako wakaja wale wadudu weusi, wadogo kama punje ya mchele, wanaotoboa magome. Afisa wa misitu akaita mkutano Litein. Kiprono alikuwa amepeleka majani kwenye kituo cha chai, nikaenda mimi. Tukapewa vifuko vya kutundika mitini. Vinatoa harufu ambayo wadudu wenyewe huitoa mti ukishajaa, kwa hiyo wageni wakiisikia wanajua hapa hakuna nafasi, wanapita. "Tundikeni shamba lote," afisa alisema, "ama mtawafukuzia jirani."

Nilisikia vizuri sana. Nilitundika kwangu tu, viwili viwili kila mti ili kisibaki hata kimoja. Kiprono aliponiuliza, nikasema afisa hakuleta kitu.

Sasa yangu imesimama kijani. Yake, ambayo Mama anaingojea ili aezekewe nyumba mpya, mingi imekuwa rangi ya kutu, na unga wa mbao umerundikana mashinani. Wiki ya kwanza nilifurahi. Nakwambia ukweli kwa kuwa huwezi kunichapa tena.

Jana nilimkuta amekaa chini, utomvu umemganda vidoleni. Akaniambia, "Chebet, nimeharibu kazi ya Baba." Alilia, mwanamume mzima. Na mimi, Mungu anisamehe, hata hapo nilimwonea wivu. Yeye ana kazi yako ya kuharibu. Mimi uliniachia birika.

Asubuhi hii nimevitungua vifuko vyote. Miti iliyokwisha kutobolewa haiponi, lakini yake minane bado ni mizima, na nitaitundikia hiyo. Yangu ikishambuliwa, na ishambuliwe. Ikipona, Mama ataezekewa kwa mbao zangu, nakuahidi.

Halafu nitamwambia. Pumzika, Baba, usinisubiri nikuombe msamaha zaidi ya huu. Sioni shida akinitukana. Ninachoogopa ni kwamba atanisamehe palepale, kwa upole uleule wako, na mimi nitasimama mbele yake nikijiuliza kwa nini hata huo ulimpa yeye.

Binti yako,
Chebet