Masikio Yangu Mazima

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena. Mke wangu na binti yetu jikoni, midomo inakwenda, sauti hakuna. Nikaingia, wakanyamaza. Mke wangu akaninyooshea vidole vitatu: eti mara ya tatu ananiita kula. Mwongo! Miaka yote naishi na mtu nisiyemjua. Inaniuma, sifichi.

Jumatano, 5 Machi

Binti kaniandikia kwenye simu, na chumba chake kiko hapo tu: Baba, masikio yako yamechoka, nenda ukapimwe. Mimi! Kutwa niko kwenye mashine za kufuma magunia. Ikisumbua moja, naiwekea kiganja tu, najua inaumwa wapi. Msimamizi naye kadakia. Nisipoleta cheti cha masikio naondolewa kwenye mashine. Nani kampelekea maneno? Humu ndani kuna mchongo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepimwa. Wanakufungia kwenye kichumba, unavaa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Mwanzo kimya kabisa — nikadhani mtambo mbovu. Kisha nikamwona muuguzi upande wa pili wa kioo: kila akipeleka mlio, bega linapanda kidogo. Likipanda, nabonyeza. Ukishajua kazi inavyokwenda, huhangaiki.

Majibu: masikio mazima, kama ya kijana. Basi! Si maneno yangu, ni kipimo. Nilimwekea mke wangu cheti mezani. Akakisoma mara mbili, akaketi, akalia. Kaumbuka.

Jumapili, 9 Machi

Jana usiku nilimpa ukweli wake: “Kama nasikia vizuri na bado sikusikii, basi unaninong'onea makusudi.” Akatikisa kichwa tu, akaanza kukunja nguo zake.

Sasa mkoba uko mlangoni. Anakwenda kwa dada yake. Amesimama mbele yangu hapa ninapoandika. Nimemwambia anipe neno moja tu la wazi, yaishe, cheti nakichana. Sitaki aondoke — nimwambie nini zaidi?

Amefungua mdomo. Mishipa ya shingo imemtoka. Binti kaziba masikio. Jirani amechungulia dirishani kuona kuna nini.

Na bado ananong'ona!