Upenyo Kwenye Ua wa Minyaa

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Bi Somoe tumemzika juzi. Ndiyo, huyohuyo jirani yetu wa njia ya Mkunya. Wanasema presha. Presha gani, mama? Niliingia jikoni kwake mwenyewe: chungu kikavu, kinu kikavu, hata kopa moja la muhogo hakuna. Ni njaa. Na bustani ya kanisa uliyoilima kwa ajili ya wasio nacho, muhogo wake unapasua ardhi.

Unaukumbuka ule upenyo kwenye ua wa minyaa? Mwenye shida alipita pale, akang'oa cha kumtosha, akaenda zake. Sisi tuliendelea kulima, uso kanisani, mgongo kwenye upenyo. Siku moja nilisikia shina likikatika, nikataka kuchungulia. Ukanifinya!

"Usigeuke. Ukimwona, kesho haji."

Ulipolazwa hospitali ya Mkomaindo ndipo uliponinong'oneza kwamba mmoja wao ni Bi Somoe. Ulimjua kwa kikohozi tu. Miaka yote alikula pale, na barabarani mkasalimiana kichwa juu, yeye na kanga yake safi.

Ulipoondoka, kamati ya kanisa ikaziba upenyo kwa seng'enge. Eti wezi. Sasa muhogo unagawiwa Jumapili baada ya ibada, watu kwenye foleni, wanapigwa picha na mafungu yao mikononi. Nilimwambia katibu wengine hawatakuja. Akacheka: "Mwenye njaa hana miiko, dada." Loo! Laiti ungekuwepo umjibu. Bi Somoe hakusimama kwenye ile foleni hata mara moja. Nilipompelekea unga, aliurudisha. "Nimeshiba, mwanangu," akasema.

Leo asubuhi nimechukua koleo nikaikata seng'enge yote. Katibu akitaka anitoe kwaya, shauri yake. Kisha nimelima mpaka jua la utosi, uso kanisani, masikio yote nyuma. Hakuna shina lililokatika. Hakuna kikohozi. Walioijua njia ile wamekufa, au wameshatuogopa. Nimelia, mama, jembe mkononi.

Pumzika. Kesho nitalima tena upande uleule, na sitageuka.

Kitindamimba wako