Ng'ombe Wawili Wasio na Mwenyewe

Kibanda cha Fundi Viatu,
Mkabala na Mashine ya Kusaga,
Ijumaa, 14 Novemba.

Mpendwa dada yangu,

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia ndugu na jamaa, walio karibu na walio mbali, kifo cha kofia yangu ya ukili, kilichotokea uani kwa mama wiki iliyopita baada ya kutafunwa na ng'ombe kwa muda mfupi. Mazishi hayakufanyika, kwa kuwa marehemu hakubakiza kitu.

Sasa salamu. Habari za huko? Kifua kimetulia, au bado unakohoa ukipanda zile ngazi za kazini? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima wa mwili. Mguu wa mama unamsumbua kila mawingu yakijikusanya, na wiki hii yamejikusanya sana.

Najua umeshajiuliza mama amepata wapi ng'ombe. Swali hilo hilo ndilo lililonikosesha raha wiki nzima, kwa hiyo kaa vizuri nikueleze.

Mwaka huu imetangazwa kwamba ruzuku ya pembejeo iende kwa wakulima wadogo maskini peke yao. Kila atakayeandikwa anapata vocha ya mifuko miwili ya mbolea na mmoja wa mbegu. Miaka iliyopita zilikuwa zinaishia kwa wenye matrekta, ndiyo maana safari hii kamati inapita nyumba kwa nyumba na karatasi: nyumba ya nini, ekari ngapi, mifugo mingapi. Mwenye ng'ombe hata mmoja hapati.

Dada, sijawahi kuona watu wakiugombania umaskini namna ile. Unajua mimi watu nawasoma kwa miguu. Wiki ile nililetewa jozi kumi na moja za viatu vizima, eti nizitazame soli. Wenyewe wakaondoka peku, wakichechemea kwa kukosa mazoezi. Hata Mzee Pumba, mwenye mashine ya kusaga hapa mbele yangu, aliniachia viatu vyake vya ngozi akaenda na kandambili mbili zisizofanana.

Viatu utavificha kwa fundi. Ng'ombe je? Jumatano alfajiri Mzee Pumba alibisha kwa mama, anawaswaga wake wawili. "Mama, natengeneza zizi. Nihifadhie hawa mpaka jioni. Na usimwambie mtu, watu wana maneno." Mama, unavyomjua, hakuuliza. Akakubali, akawakatia majani, akawachotea maji kwa mguu ule ule mbovu.

Saa nne kamati ikapiga hodi. Mimi nilikuwa nimepita kumsalimu mama, nimeiweka kofia juu ya uzio, ndipo lilipotokea lililotokea. Bibi shamba, anayeiongoza kamati, akahesabu kwa kidole akaandika: mjane, ekari moja na nusu, ng'ombe wawili. Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga, tena kwa mguu mzima. Jioni Mzee Pumba akaja kuchukua wanyama wake, akashukuru sana.

Jumatatu orodha ikabandikwa ukutani kwenye ghala. Mzee Pumba yumo, wa tatu kutoka juu. Mama hayumo.

Dada, shamba la mama limechoka. Msimu uliopita alilima bila mbolea akapata magunia matatu, na sasa limebaki debe moja. Jirani zake wawili waliokosa mbolea walimkodishia Mzee Pumba mashamba yao, na mpaka leo wanalima humo humo kama vibarua. Jumanne akamtumia mama salamu: kama shamba linamwelemea, yeye yupo.

Nikamwambia mama, twende kwenye kikao cha malalamiko ukataje ng'ombe ni wa nani.

"Nimempa neno langu."

"Mama, kakunyang'anya mbolea!"

"Yeye na lake, mimi na langu. Kunywa chai, inapoa."

Kikao kilikuwa jana, ghalani. Watu wamejaa, wote peku ila Mzee Pumba na kandambili zake. Mimi peke yangu nimevaa viatu, nikatazamwa kama tajiri. Bibi shamba akaliita jina la mama, akauliza lalamiko lake ni nini. Mama akainuka polepole.

"Mwanangu, lalamiko sina. Nina swali. Mmeandika nina ng'ombe wawili?"

"Ndiyo, mama."

"Na muhuri mmepiga?"

"Tumepiga."

"Basi nashukuru. Kesho huyu mwanangu atakwenda kuwafungua zizini waliko, tuwauze, ninunue mbolea mwenyewe."

"Zizi la nani hilo?"

"Mimi simtaji mtu. Wafuateni ng'ombe, njia wanaijua."

Mzee Pumba akakohoa. Akatazama dari, akatazama kandambili zake. Fundi seremala akapaza sauti kutoka nyuma: "Sema, mzee, usisemee tumboni!"

"Ng'ombe wale... wana mwenyewe."

"Nani?"

"Wa kwangu."

Ghala zima lilipasuka kwa kicheko. Nikasimama kuulizia habari za kofia, nikavutwa shati nikakaa.

Bibi shamba akamfuta yule, akamwandika mama kwa wino mwekundu, akampa vocha mkononi. Mama akaikunja mara nne, akaifungia kwenye pindo la kitambaa cha kichwa. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Viatu vya watu uvirudishe."

Usidhani tumeshapumua. Leo asubuhi alipeleka debe lile la mwisho likasagwe, akaambiwa mkanda wa mashine umekatika. Mimi nimekaa mkabala, mashine naisikia inanguruma, na nyingine iko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Lakini viatu vya ngozi vya Mzee Pumba bado ninavyo. Mkanda ukipona, na soli zitapona.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae sweta. Shangazi naye anakusalimu, na mke wangu anauliza mtoto wako wa mwisho ameota meno mangapi. Mungu akulinde kwenye hizo ngazi, kupanda na kushuka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, kichwa wazi,

Fundi Viatu

Nimesahau kukwambia. Mchana tumeipeleka vocha kwa muuza pembejeo. Mvua imeanza, na mbolea haijafika.