Kifaransa cha Mzee wa Gombo

Yaya wangu Furaha, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na watoto kutoka Columbia Heights, huku Marekani, kwenye baridi inayouma mpaka meno.

Tangu nifike hapa kwa mwanangu Neema nimekuwa kama bubu. Kila mtu ni Kiingereza tu, na mtoto wangu ndiye mdomo wangu. Jumamosi alinishusha kwenye kaduka ka chakula cha Louisiana, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Mwenye duka, mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, akaniuliza jambo kwa Kiingereza. Nikamwonyesha kwa kidole sufuria iliyokuwa jikoni. Alipofunua sufuria, nikaona bamia na soseji kwenye mchuzi mzito wa kahawia, nikajisemea kwa sauti, kama tunavyoita bamia kwa Kifaransa cha kwetu, "Gombo!"

Akaacha kukoroga. "Bibi yangu aliiita hivyo hivyo," akasema, kwa Kifaransa! Yaya, mwili ulinisisimka. Kilikuwa Kifaransa cha ajabu, cha wazee wa huko Louisiana, chenye maneno ya kizamani, lakini nilikielewa chote. Tangu wamzike huyo bibi, hajapata mtu wa kukiongea naye. Akanivutia kiti, akanipakulia gombo na wali, tukaongea mpaka machozi yakamtoka.

Neema akaingia, akabaki mlangoni ameduwaa. Unajua yeye alikulia kambini Uganda, Kifaransa hakukisoma.

"Mama, anasema nini?"

Nikameza tonge kwanza. Halafu, kwa mara ya kwanza katika nchi hii, mimi ndiye niliyemtafsiria mtoto wangu.

Nakukumbatia kwa nguvu, Mungu awatunze wote hapo Bukavu.

Mdogo wako,
Espérance